Udongo wa Chumba cha Mapacha

Watu waliendelea kumwita Mama Pacha hata baada ya pacha mmoja kuzikwa. Hakuna aliyekusudia kumchoma. Jina likishamganda mtu halibanduki, na majirani wa jengo lile walilizoea tangu enzi alipokuwa akipanda ngazi na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Yeye mwenyewe aliitika kama kawaida, kisha akaingia ndani, akafunga mlango na kuuegemea mpaka pumzi zirudi.

Mabinti zake walikuwa na majina yao ya kwenye cheti, lakini nyumbani aliyetangulia kutoka tumboni aliitwa Mkubwa, na aliyemfuata akaitwa Mdogo, ingawa huyo Mdogo ndiye aliyejaliwa mwili na sauti. Mkubwa alizaliwa na moyo mbovu. Daktari alisema mapema kwamba asikimbie, asibebe kitu kizito, asichoshwe na ngazi. Nao walikaa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Basi kadiri miaka ilivyokwenda msichana alishuka chini kwa nadra, na mwishowe hakushuka kabisa. Dunia yake ikawa chumba alicholala na pacha wake, chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jengo la pili.

Humo ndimo alimofungua shamba. Wengine huanza shamba kwa jembe, yeye alianza kwa kijiko cha chai na kopo la maziwa ya unga. Alichokonoa mbegu kwenye pilipili ya jikoni, akaifukia, ikaota. Baba yake, fundi friji, alikuwa mtu ambaye maneno yake yalitoka kama barafu kwenye trei, kipande kimoja kimoja, tena mpaka upigepige. Hakumsifu binti yake hata kwa neno. Alimletea ndoo za plastiki alizozitoboa chini, akafunga taa mbili ndefu juu ya meza kwa sababu jua halikufika pale, na akapandisha magunia ya mchanga, mboji na pumba zilizochomwa, ngazi kwa ngazi, akitweta. Mkubwa aliumwaga mzigo wote juu ya turubai, akaukalia kitako, akaupitisha kwenye chekecheke, akatoa kila kijiwe na kila kijiti. Alichanganya kwa vidole mpaka udongo ukawa mweusi, mwororo, unaobonyea ukiushika. Miaka ile chumba kilinukia mrehani na majani ya nyanya. Alipokosa nguvu za kuketi, alilala ubavu akaitazama mimea yake kama watu wengine wanavyotazama barabara.

Alikufa asubuhi moja mama yake akiwa kazini, akikoroga maharage ya watoto wa shule, maana kazi ya Mama Pacha ilikuwa upishi katika shule ya msingi ya kutwa. Alipofika nyumbani hakukuta la kufanya. Baba na Mdogo walikuwa wameshamfunika.

Watu wa msibani waliporudi makwao, mama akaishika bustani. Hakujua lolote la mimea ya ndani. Alijua tu kwamba mikono ya mwanawe imeipanda, nayo bado iko hai. Akaimwagilia. Aliimwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini, akaimwagilia jioni akirudi, na kila alipoingia mle chumbani akasahau alichofuata, aliona afadhali amwage kikombe kuliko kusimama bure. Udongo haukupata tena kukauka.

Kwanza wakaja visubi, wadudu weusi wadogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa, wakirukaruka juu ya ndoo. Mdogo ndiye aliyekuwa akilala humo, nao wakamwingia kwenye chai na kumganda kwenye mafuta ya nywele. Alikuwa akijifunza ususi katika saluni ya mtaa wa pili, kazi ya kusimama kutwa, na akirudi alihitaji kulala gizani kama binadamu. Lakini taa za mimea hazikuzimwa. Alimwomba mama yake azizime japo usiku. Mama akamjibu kwamba zikizimwa mimea itakufa. Mdogo akajifunika kanga usoni, akalala hivyo wiki baada ya wiki.

Halafu majani ya pilipili yakageuka manjano. Nyanya zikainamisha vichwa, na maji yalivyozidi ndivyo zilivyozidi kuinama. Mama Pacha aling'oa mpilipili mmoja aone kulikoni, akakuta mizizi imejaa vitu vyeupe kama iliyochovywa kwenye unga. Alipoigusa kwa ukucha, unga ule ulitembea.

Aliutia mpilipili ndani ya mfuko akaupeleka kwa muuza miche aliyepanga bidhaa zake kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Mzee yule hakuutoa hata mfukoni. Alichungulia, akaukunja mdomo wa mfuko, akaurudisha. Akasema hao ni vidung'ata, wale wanaokaa mizizini, na kwamba wanafyonza mmea kutoka chini huku mwenyewe akihangaika na majani juu.

“Mimea hiyo imekwisha, mama,” alisema. “Ichome. Na udongo wake kautupe mbali.”

Mama Pacha akamuuliza kama hakuna njia nyingine kwa ajili ya udongo. Mzee akacheka kidogo, akamwambia udongo upo tele, hata hapo chini ya viatu vyake. Mama hakucheka wala hakuondoka. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa, naye bado amesimama na mfuko wake mkononi. Mwishowe muuza miche akalegea, akamweleza. Aukung'ute udongo wote kutoka kwenye mizizi, aupike kwa mvuke mpaka katikati yake kuwe moto wa kuunguza kidole, auache katika hali hiyo nusu saa au zaidi, kisha auanike ukauke kabisa. Ndoo nazo azioshe kwa sabuni. Kisha akamkazia macho, akamwambia asibakize hata mmea mmoja ulioguswa, maana akibakiza mmoja, amewabakiza wote.

Mama Pacha akarudi nyumbani na kazi. Aling'oa mipilipili, akang'oa nyanya, akavifunga ndani ya gunia na kwenda kuvichoma nyuma ya jengo. Alifanya yote hayo macho makavu. Lakini alipofika kwenye mrehani wa mwisho, ule ambao Mkubwa aliuhamishia kwenye ndoo akiwa tayari hawezi kunyanyua shingo, akimwelekeza Mdogo amshikie, mkono ulikataa. Mrehani ulikuwa wa kijani. Ulikuwa na harufu. Akajiambia kwamba huu haujaguswa, na ili asijibishane na mtu akauficha kwenye dirisha la jikoni, nyuma ya pazia.

Ukabaki udongo, ndoo na ndoo. Sufuria yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya kupikia watu wanne. Alitia maji chini, akaweka matofali, akapanga juu yake udongo ndani ya kitambaa, akafunika na kuuwekea jiwe. Mvuke ulipopanda, nyumba nzima ilijaa harufu ya mboji iliyochemka, nzito, inayokaba koo kama shuka bichi lililosahauliwa kwenye beseni. Jirani wa kushoto alibisha hodi kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Fundi friji alirudi kutoka kazini, akatazama jiko, akamtazama mkewe, akachukua mkate na kwenda kuula sebuleni. Gesi ikaisha Mama Pacha akiwa hajamaliza hata ndoo ya pili. Akabadilisha mtungi, akaendelea. Ikaisha tena.

Jioni hiyo Mdogo alitoka chumbani na begi. Akasema kwa sauti ya chini, jambo lisilo la kawaida yake, kwamba anakwenda kwa shangazi yake.

“Nitarudi nyumba ikiwa ya watu,” alisema.

Mama alisikia mlango ukifungwa. Hakutoka jikoni, kwani mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko.

Mfa maji haishi kutapatapa. Jumamosi iliyofuata Mama Pacha alimwambia mlinzi wa shule kwamba ana vyombo vya kusugua, akaingiza jikoni mifuko ya udongo juu ya mkokoteni aliouazima, na akawasha jiko la kuni. Sufuria za pale zilikuwa za kuogea mtu mzima. Alichagua ile ya maharage, akapanga mifuko yote kwa mara moja, akafunika. Alikaa juu ya kigoda akiuangalia moto, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijisikia anafanya jambo lenye mwisho. Alifikiria namna atakavyozirudisha ndoo mezani, namna taa zitakavyoziangaza. Alifikiria hata mbegu atakazopanda.

Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo aliyekuwa na desturi ya kuja ofisini siku ambazo hakuna kelele, alifuata harufu. Alimkuta mpishi wake anachomeka kidole ndani ya mfuko wa udongo unaofuka moshi.

Mama Pacha aliinuka, akajaribu kueleza. Alianza na vidung'ata, akarudi nyuma kwenye taa, akarudi nyuma zaidi kwenye moyo wa mtoto, akajikuta anasema mambo ambayo hayafuatani. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka akaishiwa. Alikuwa amehudhuria mazishi yale, na alipojibu sauti yake haikuwa na ukali.

“Hii ni sufuria ya watoto, mama. Watoto wa watu mia tatu wanakula humu.”

“Nitaisugua.”

“Najua ungeisugua. Lakini mimi nitawaambia nini wazazi?”

Akamwambia auchukue udongo wake, aende nyumbani, asubiri kikao cha kamati. Kikao kilipokaa, mlinzi ndiye aliyemletea habari kwamba jikoni pameshapatikana mtu mwingine. Mama Pacha alimshukuru, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Hata hivyo udongo ulikuwa umeiva. Hilo alilishika kama mtu anayeshikilia mkanda wa begi uliokwisha kukatika. Aliuanika juu ya paa la jengo, akaulinda na paka na mvua, akazisugua ndoo mpaka mikono ikachubuka, akazipanga tena chini ya taa. Alipanda pilipili, akapanda nyanya. Na kwa kuwa mrehani ulionekana mpweke kule jikoni, akawa anaurudisha chumbani nyakati za mchana ili nao upate mwanga, halafu jioni kabla mumewe hajarudi anaupeleka tena nyuma ya pazia.

Miche ikaota vizuri. Alikaa kando yake saa nzima bila kufanya kitu, akihesabu majani. Aliacha kwenda sokoni. Shangazi alipiga simu mara kadhaa kuuliza kama hana ujumbe wowote kwa binti yake, naye akajibu kwamba amsalimie, amwambie pilipili zimetoka. Kisha siku moja aliona mche umenywea. Aliuvuta polepole. Unga mweupe ulikuwa umeshika kizizi chembamba kama uzi. Akavuta wa pili, akavuta wa tatu, akaendelea kuvuta mpaka meza ikawa tupu.

Mumewe alimkuta pale sakafuni, ndoo zimepinduliwa, udongo umemwagika mpaka chini ya kitanda cha Mdogo. Alimuuliza kuna nini. Akajibu kwamba wamerudi. Fundi friji alikuwa mtu wa kutafuta uvujaji: kama gesi inapotea, kuna mahali inapotokea. Alisimama akifikiri, akaenda moja kwa moja jikoni, alikokuwa akinusa mrehani kila jioni, akavuta pazia. Alirudi ameubeba mrehani, akaung'oa mbele ya mkewe bila haraka na kuinua mizizi yake kwenye taa. Ilikuwa myeupe tangu juu hadi chini.

“Ulijua,” alisema.

“Huu aliupanda yeye.”

“Yote aliipanda yeye.”

Akaweka mrehani chini. Akaketi palepale kwenye udongo na suruali yake ya kazi, mtu mzima yule, akalia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa yao, hata siku ya mazishi. Alisema maneno mengi kuliko aliyozoea kusema kwa mwezi. Alisema kwamba tangu siku ile yeye hana mahali pa kuketi katika nyumba hii. Alisema kwamba kila jioni hupita kwa dada yake kumwona Mdogo, na kwamba Mdogo huuliza kila mara kama mama ameulizia habari zake. Na yeye humjibu ndiyo. Amechoka kusema uongo.

Mama Pacha alimsikiliza bila kupepesa.

Asubuhi yake fundi friji hakwenda kazini. Alikwenda kwa dada yake, akarudi na Mdogo. Msichana aliingia hadi mlangoni pa chumba, akaona ndoo, akaona udongo, akamwona mama yake amekaa vilevile, nguo zilezile. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Safari nzima alikuwa akiyapanga. Yalipotoka yalikuwa machache.

“Tulizaliwa wawili, mama. Mimi sijafa.”

Mama aliinua uso. Akafungua mdomo, na lililotoka ni lile ambalo mama hulisema asipokuwa na lingine.

“Umekula?”

Mdogo akataka kucheka, akashindwa, akasimama anauma midomo. Ndipo mama yake akaongeza, macho yakiwa sakafuni, “Nilikusikia ulipofunga mlango siku ile. Nilitaka kutoka. Niliona nikiachia kile kifuniko, mvuke utapotea, na nitakuwa nimempoteza mara ya pili. Sikuona kwamba anayeondoka ni wewe.”

Mdogo alivua viatu. Alikanyaga udongo kwa uangalifu, akaketi karibu na mama yake. Halafu msichana akauokota ule mrehani uliolala chini tangu jana. Majani yalikuwa yamesinyaa, ila ncha zilikuwa bado zina uhai. Akatoa kwenye begi mkasi wake wa saluni, akakata ncha moja chini kidogo ya kifundo cha majani. Akakata ya pili. Mama akamuuliza amejifunzia wapi.

“Nililala humu miaka yote, mama. Unadhani nilikuwa naangalia wapi?”

Aliziosha ncha zote kwa maji ya sabuni, akazikagua moja moja, akazitia kwenye glasi ya maji. Mrehani wenyewe, shina na mizizi yake, baba aliuchukua akaenda kuuchoma.

Kuhusu udongo walibishana, tena sana. Mdogo alitaka utoke wote. Mama alisema hawezi. Baba alipoona mabishano yanaelekea kuharibika alileta ndoo moja, ndogo, akaiweka katikati yao. Wakaielewa. Mama akaijaza mwenyewe kwa viganja, akichagua ule ulio laini zaidi, ingawa wote ulikuwa sawa. Uliobaki baba aliutia magunia na kuushusha ngazi zilezile alizoupandisha. Mama Pacha alisimama kwenye dirisha la sebuleni akiyasikia mabuti yake yakishuka, na alilazimika kuushika mkono wa Mdogo kwa nguvu mpaka msichana akalalamika kwamba anamvunja vidole.

Ile ndoo moja waliipika nyumbani, kidogo kidogo, madirisha yote wazi, wakipokezana zamu. Harufu ilikuwa mbaya vilevile.

Si kwamba mambo yalitengemaa. Ncha nyingi za mrehani zilioza ndani ya glasi. Iliyotoa mizizi ni moja, nayo ilipopandwa ilidumaa wiki kadhaa, maana udongo uliopikwa mara mbili huwa umechoka, mpaka Mdogo akauchanganyia mboji mbichi ya muuza miche. Shule haikumrudisha mama kazini. Alipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye mgahawa wa karibu na kituo cha mabasi, na kila sufuria kubwa aliisugua mara mbili. Kuna siku aliamka akajikuta ameshika kikombe cha maji katikati ya chumba, hajui amesimama hapo tangu lini. Taa moja ikashushwa ikabaki moja, na kitanda cha Mdogo kikasogezwa mpaka ilipokuwa meza.

Jumapili moja mchana Mdogo alimkalisha mama yake kwenye kigoda ili amsuke. Nywele zilikuwa hazijaguswa tangu msiba, zimefungamana kama katani, na ncha ya kitana ilipozama mama alifumba macho. Mdogo alichambua fundo moja baada ya jingine bila kumharakisha. Huku mikono ikifanya kazi akaanza kusimulia habari ya mteja wa saluni aliyekuja na picha ya mtindo anaoutaka, na alipomaliza kusukwa saa sita zikiwa zimepita akagundua kwamba aliishika picha juu chini. Ilikuwa hadithi ndefu, yenye shangazi wa mteja ndani yake na ugomvi wa kulipana.

Mama Pacha aliuliza, “Enhe, shangazi yake akasemaje?”

Mdogo akamwambia alivyosema, akaigiza na sauti. Mama akatabasamu kidogo, machozi yakimtiririka yasikome, akainamisha kichwa mbele ili binti yake apate kufika kisogoni.